Fumie, Mpika Damu wa Uzumasa

Fumie Orito alikuwa mpika damu. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi hiyo katika studio ya filamu kule Uzumasa, magharibi ya mji wa Kyoto, ndani ya chumba kidogo nyuma ya stoo ya panga za mbao. Alichemsha shira ya sukari mpaka ikawa nzito, akatia rangi nyekundu ya chakula, akakoleza kwa wanga wa viazi na matone ya sosi ya soya, kisha akachovya kidole na kuonja. Kuonja hakukwepeki, maana damu ile huingia vinywani mwa watu, na maiti anayekunja uso kwa ladha mbaya humharibia mwongozaji siku nzima. Waigizaji waliipenda damu yake. Wengine walikuwa wakijilamba midomo wakiwa bado wamelala chini, wamekufa.

Aliyempenda zaidi ya wote alikuwa Tsuno, mwigizaji wa kufa. Katika miaka tisa Tsuno alikuwa ameuawa mara mia tatu na ushee, kwa upanga, kwa mkuki, kwa mshale, na mara moja kwa jiwe la kusagia, wala jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye bango. Kila asubuhi alichungulia mlangoni kwa Fumie.

"Dada Fumie, leo nakufa saa ngapi?"

"Leo saa nne kabla ya chai, na saa nane ukishakula."

"Mara mbili? Basi wamenipandisha cheo!"

"Usile sana. Juzi ulikufa tumbo likinguruma, fundi wa sauti akadhani radi."

Walizoeana hivyo. Lakini hata Tsuno hakujua kwamba Fumie alizaliwa Kure, mji wa bandari. Akiulizwa kwao, alisema Okayama, na kwa miaka mingi alikuwa ameufundisha ulimi wake usiteleze. Mtu akisema anatoka Kure, swali linalofuata ni lilelile: enzi zile za magenge ulikuwepo? Fumie hakutaka kuulizwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1974, studio ilileta mswada wa aina ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuishika. Haukuwa na upanga hata mmoja, wala mtu wa heshima hata mmoja. Ulitokana na mambo yaliyotokea kweli: jambazi mmoja wa zamani, yakuza kama tunavyowaita, alikuwa ameandika gerezani kumbukumbu za vita vya magenge baada ya vita vikuu, gazeti la kila wiki likazichapa, na studio ikazinunua. Majina yalibadilishwa. Mitaa, bastola na maiti viliachwa kama vilivyokuwa.

Fumie alisoma kama alivyosoma miswada yote, akiwa na kalamu nyekundu, akitafuta tu mahali damu inapomwagika. Alikuta kurasa arobaini na moja. Watu waliuana sokoni, kwenye bafu la umma, kwenye ngazi za hekalu, waliuana wakiwa wamelewa, waliuana kwa kukosea mtu. Kisha akafika ukurasa wa sitini na tatu.

*Duka la kinyozi. Asubuhi ya baridi. Kijana yuko kwenye kiti, uso umejaa povu. Wanaingia watu wawili. Kijana anapiga magoti na kulia, "Msiniue!" Wanampiga risasi. Anatoka nje, anaanguka.*

Katika mswada kijana huyo aliitwa jina jingine. Fumie alijua jina lake halisi. Aliitwa Katsuji Orito, alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa kaka yake.

Aliufunga mswada, akaenda kukoroga shira iliyokuwa inaanza kuungua.

Baba yao alizama na meli mwaka wa mwisho wa vita. Mji wa Kure ulikuwa umelala majivu, na Katsuji, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alianza kuokota vyuma chakavu kwenye yadi za meli ili mama yake, Bi Ishi, na mdogo wake Fumie wapate kula. Vyuma vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na bosi. Haikuchukua muda naye akawa na bosi, na suti ya kijivu, na mwendo wa kutupa mabega. Nyumbani alibaki yuleyule. Alimchania Fumie nywele akimvuta kwa makusudi, alimuita Kiroboto, na viazi vitamu alivyoleta vilikuwa vya moto kwa sababu alivitia ndani ya shati lake njia nzima.

Yaliyotokea kwa kinyozi Fumie aliyaona kwa macho yake akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekwenda kumpelekea chakula. Mama alipomuuliza baadaye kama Katsuji alisema lolote, Fumie alijibu, "Hakusema kitu." Mama akauliza tena siku ya arobaini na tisa ya matanga, akajibiwa hivyo hivyo. Baada ya hapo hakuuliza. Wakahamia Kyoto, wakaishi pamoja, Fumie akaolewa, akafiwa na mume, akarudia jina la kwao, na Bi Ishi akazeeka akiwa hajauliza mara ya tatu.

Wiki ile Fumie alipika damu mpya. Hakupanga. Alijikuta tu anaongeza wino, anaongeza sosi, mpaka shira ikawa nyeusi karibu kama lami na ikawa nyekundu pale tu mwanga ulipopenya. Aliimimina kwenye chupa ya chai ili ikae na moto.

Asubuhi ya kupiga picha, alipopinda kona ya uwanja wa studio akiwa na chupa yake kwapani, miguu ilimgoma. Walikuwa wamejenga mtaa. Vibanda vya mabati vilivyoungua pembeni, matope, waya za umeme zilizolala, mlingoti wa kinyozi wenye mistari uliopinda kidogo kushoto, kama ulivyopinda kweli baada ya mabomu. Fundi gani aliujua upindo ule? Hata harufu ilikuwepo, sijui kwa sababu ya ile supu ya matumbo iliyochemka kwenye pipa kwa ajili ya waigizaji. Alisimama pale kama mtu aliyeingia hekaluni na viatu. Akaona haya kukanyaga.

"Dada, unapita au unaomba dua?" fundi wa taa alimpigia kelele kutoka juu ya ngazi.

Akapita.

Kijana wa kinyozi angeigizwa na Tsuno. Kwa mara ya kwanza alipewa maneno ya kusema, na alikuwa hajalala vizuri kwa furaha. Fumie alimfunga mpira wa damu kifuani chini ya shuka jeupe la kinyozi, akapitisha bomba jembamba mgongoni.

"Dada, mbona ya moto?"

"Tulia."

"Na mbona nyeusi hivi?"

"Imeiva."

Mwongozaji alikuwa Hirukawa, mtu mrefu mwembamba mwenye kofia iliyoisha, ambaye hutafuna ngisi mkavu kutwa nzima na humtemea maneno kila aliye mbele yake. Pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mzee aliyevaa sweta na kunyonya pipi. Huyu aliitwa Zakoji. Alikuwa jambazi wa Kure enzi hizo, alifungwa miaka kumi na moja, na kidole chake kidogo cha kushoto hakikuwepo. Studio ilimleta awafundishe waigizaji jinsi ya kushika bastola na jinsi ya kutukana, maana matusi ya vijana wa Kyoto, alisema, yalikuwa laini kama tofu ya soya.

"Anza!"

Tsuno alipiga magoti, akalia, akapigwa risasi, akazunguka mara mbili, akakamata mlango, akaachia, akaukamata tena, akatoka nje na kuanguka kwa mtupo wa ajabu, mguu mmoja juu.

"Kata! Bwege wee, unakufa au unacheza ngoma?" Hirukawa alifoka. "Tena!"

Mara ya pili Tsuno alikufa polepole. Mara ya tatu alikufa haraka. Kila mara walimfuta, wakamvika shuka jipya, Fumie akajaza bomba. Mara ya nne mzee Zakoji aliitoa pipi mdomoni.

"Bwana mwongozaji, usinichukie. Lakini hii ni uongo."

Watu walidhani Hirukawa atamrushia kofia. Hirukawa aligeuka tu.

"Uongo upi?"

"Huyu kijana hakulia. Aliyeandika kile kitabu hakuwepo, alisikia mitaani. Mimi nililala chumba kimoja gerezani na mmoja wa wale waliofyatua. Sewaki. Mapafu yake yalikuwa yameoza, alikufa mle mle. Kila majira ya baridi alikuwa anatusimulia jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema mbele ya kaburi. Alisema mle dukani kulikuwa na mtoto."

Fumie alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha kinyozi, bomba mkononi.

"Mtoto wa kike," Zakoji aliendelea. "Ameshika mkebe wa chakula. Sewaki na mwenzake wamenyoosha bastola, na yule kijana, povu usoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeagiza chai: 'Subirini huyu mtoto atoke.' Nao wakasubiri."

"Wakasubiri?" Hirukawa aliacha kutafuna.

"Wakasubiri, bwana! Watu waliotumwa kuua. Mtoto akaenda mlangoni, mitalawanda yake ilikuwa chini ya benchi, haioni. Sewaki akaweka bastola kwapani, akainama, akaitoa, akampangia miguuni. Na yule mtoto akainamisha kichwa, akamwambia…"

"Asante," alisema Fumie.

Sauti ilitoka nyuma ya kiti, na haikuwa sauti ya Okayama. Ilikuwa ya Kure, ile ya uchochoroni, iliyokaa kimya miaka ishirini na mitano. Zakoji alisimama, kiti chake cha kukunja kikaanguka. Alimtazama yule mwanamke mwenye aproni yenye madoa mekundu, na Fumie aliona nywele za mikono ya yule mzee zikisimama.

"Nani alikuambia neno hilo?" Zakoji aliuliza. "Sewaki alimwambia nani mwingine?"

"Sijaambiwa. Nilisema mwenyewe."

Fundi wa taa alishuka ngazi taratibu, bila sababu. Kisha mzee Zakoji, aliyewatisha nusu ya watu wa studio kwa kuwatazama tu, akashuka chini kwenye matope ya bandia, magoti yote mawili, akaweka paji la uso kwenye mikono yake.

"Sisi tulidhani ni ndoto za homa," alisema akiwa chini. "Tulimcheka yule mtu. Dada, tulimcheka."

"Inuka, mzee. Utalowa."

Ndipo Fumie alipowaeleza. Alieleza kwa maneno machache, amesimama, akifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Asubuhi ile alitoka nje. Hakukimbia, kwa kuwa kaka yake alikuwa amemwambia, "Nenda taratibu, Kiroboto, utaanguka." Hakugeuka. Alihesabu nyumba. Alipofika nyumba ya tano alisikia milipuko mitatu, akageuka, akamwona Katsuji anatoka mlangoni kwa miguu yake, shuka la kinyozi bado limefungwa shingoni, na kifua chake kinafuka moshi. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, damu ilikuwa ya moto. Alitembea hatua saba. Hakushika kitu. Kisha alikaa chini, kama mtu aliyechoka, na hapo akalala.

"Ndiyo maana ukaichemsha damu," Hirukawa alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Ulikuwa na kimo gani?"

Fumie aliweka kiganja chini kidogo ya kifua chake. Hirukawa alivua kofia, akaenda mlangoni mwa duka, akapiga magoti mpaka macho yake yakafika pale kiganja kilipokuwa. Akatazama ndani. Akatazama miguu ya watu wenye bastola, akatazama uso wenye povu kule juu ukimwangalia. Akageuka, bado kwa magoti, akatazama mtaa. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza hakumfokea mtu.

"Nikiomba hili liingie kwenye filamu," alimwambia Fumie, "utanikatalia?"

"Mama yangu yu hai. Hajawahi kusikia maneno ya mwanawe. Siwezi kuyaacha yasikike kwenye sinema kabla yeye hajayasikia."

Watu sabini walikuwa kazini, jua lilikuwa zuri, na supu ilikuwa bado inachemka. Hirukawa aliwageukia.

"Leo tumemaliza. Nendeni makwenu."

Fumie alifika nyumbani kabla ya magharibi. Bi Ishi alikuwa jikoni anakata figili za kutia kwenye chumvi, kisu kinagonga ubao sawasawa. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mgongo umeinama, mikono bado ya haraka.

"Leo mapema. Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Wanacheza filamu ya Kure. Wamefika kwa kinyozi."

Kisu kilisimama.

Fumie aliketi sakafuni na kusema yote aliyoyanyamazia tangu utoto. Alipofika kwenye ile sentensi, alijikuta anaisema kwa sauti ya Katsuji, ile ya uvivu uvivu: Subirini huyu mtoto atoke. Bi Ishi hakulia. Aliushika ubao wa kukatia kwa mikono yote miwili kama mtu aliye ndani ya mashua.

"Wakasubiri?"

"Walisubiri, mama."

"Wenye bastola."

"Wenye bastola."

"Mwanangu alisema neno," Bi Ishi alisema polepole, "na wenye bastola wakamsikiliza." Alilirudia tena peke yake, akilionja. Kisha akamtazama Fumie. "Na wewe miaka yote hii umekaa na kitu kama hiki. Kwa nini?"

Hapo ndipo Fumie alipovunjika. "Kwa sababu nilimwambia asante, mama. Yule aliyemuua. Alinipa mitalawanda, nikamwinamia, nikasema asante. Ningekwambiaje?"

Bi Ishi aliweka kisu chini. "Nani alikufundisha kusema asante? Si mimi? Nilikuchapa mkono mara ngapi kwa kusahau? Ulitaka umwambie nini, na ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na kaka yako amekuamuru uende?" Alivuta pua, akafuta mikono kwenye aproni. "Nisaidie kunyanyua hili jiwe la kugandamizia figili. Na kesho unipeleke."

"Wapi?"

"Wacheze ilivyokuwa. Nikamwone."

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Bi Ishi aliingia studio akiwa na kimono cha rangi ya majivu ambacho hukitoa kwa misiba na harusi za watu wakubwa. Habari zilikuwa zimeshatangulia. Watu wale wote wa kuigiza majambazi, wenye makovu ya gundi na miwani myeusi, walijipanga pande mbili za ule mtaa wa mabati na kuinama mpaka mgongo ukalala, safu nzima, hakuna aliyewaambia. Mzee Zakoji alikuwa mwisho wa safu. Yeye hakuinuka mpaka Bi Ishi alipompita.

Bi Ishi alitazama mtaa. Alitazama mlingoti uliopinda. "Duka la tofu lilikuwa upande ule," alisema. Mafundi walilihamisha duka la tofu kwa dakika ishirini.

Hirukawa hakutaka mtoto wa kuigiza. Alisema hakuna mtoto anayestahili kuombwa afanye hivyo. Aliichukua kamera mwenyewe, ile ya kushika mkononi, akapiga magoti pale alipokuwa amepiga magoti jana, na akaamua kwamba kamera ndiyo itakuwa mtoto. Fumie alijaza bomba. Damu ilikuwa ya moto. Alipokuwa akimfunga Tsuno shuka shingoni, yule bwana wa utani hakutania.

"Dada. Nifanyeje?"

"Usifanye chochote. Mwangalie mtoto mpaka atoke. Kisha tembea."

"Anza," alisema Hirukawa, kwa upole.

Tsuno alitazama chini, kwenye kioo cha kamera, na chini ya lile povu uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu aliye nyumbani. Akasema ile sentensi. Bastola zilishuka kidogo. Mwigizaji mmoja aliinama, akapanga mitalawanda midogo mbele ya kamera. Kamera ikainama na kuinuka, kama kichwa kinachoshukuru, ikatoka nje, ikaanza kwenda juani, taratibu, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili. Mwongozaji mzima alikuwa anatembea kwa magoti kwenye matope ya barafu, pumzi yake inasikika. Nyumba ya tano, milipuko mitatu. Kamera ikageuka.

Alitoka mlangoni. Shuka lilikuwa jeupe, halafu halikuwa jeupe, na kifua kilifuka moshi kwenye baridi ya asubuhi, moshi mwingi mzito uliompanda usoni na kumfunika na kumfunua. Fumie alijua kila tone la shira ile, alikuwa ameionja kwa kidole chake, na bado akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tsuno hakuzunguka wala hakushika kitu. Sita. Saba. Akakaa chini, kama aliyechoka. Akalala.

Hakuna aliyesema kata. Filamu ilikwisha ndani ya kamera, ikalia tik tik tik, na Hirukawa bado amepiga magoti. Watu sabini walisimama wakimtazama mtu mmoja aliyelala kwenye matope, na mvuke ukimtoka.

Kisha mkono wa yule maiti ukasogea. Akaegemea kiwiko, akainuka, akasimama wima.

Fumie anasema hajawahi kuona kitu kikubwa kama kile, wala kabla wala baada. Alikuwa amewaona mamia ya watu wakifa pale studio na kuinuka kwenda kunywa chai, na hakuwahi kufikiri lolote. Siku ile aliona mtu aliyelala mtaa ule, kwenye hatua ya saba, ameinuka, anakuja.

Tsuno alikuja mpaka mbele ya Bi Ishi na kupiga magoti, damu ikimchuruzika.

"Mama," alisema, na meno yakigongana kwa baridi, "nisamehe. Sikumvunjia heshima?"

Bi Ishi alitoa kitambaa mkononi mwa kimono. Alimfuta povu kwenye sikio, kwanza moja, kisha la pili, nyuma na mbele, kama anayemtayarisha mtu kwenda shule.

"Umetembea vizuri, mwanangu," alisema. "Ila yeye alikuwa mrefu kidogo kuliko wewe."

"Naweza kuvaa viatu vya kunyanyua, mama!"

Bi Ishi akacheka. Fumie alikuwa amesahau kwamba mama yake ana jino la pembeni linaloonekana akicheka hivyo. Ndipo watu wote wakapumua, mwingine akalia kwa sauti kabisa, na Zakoji akawagawia pipi.

Filamu ilitoka majira ya kuchipua. Kyoto yote ilijipanga nje ya majumba ya sinema: wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi wenye nywele ndefu, akina mama wa sokoni, na majambazi wa kweli waliokuja kujitazama, wakaketi safu za nyuma na kunyamaza. Ilikuwa filamu ya kutisha. Watu walipigwa, walikatwa, walisalitiwa na mabosi wao, na ukumbi ulipiga kelele kuanzia mwanzo. Lakini kamera ilipoinamisha kichwa kwa yule mwenye bastola, kelele zilikatika, na zilikaa zimekatika mpaka hatua ya saba. Karibu na Fumie jamaa mmoja wa makamo mwenye mikono ya mafuta ya mashine alikuwa ameshika kofia yake kifuani, mdomo wazi. Jina la Tsuno liliandikwa kwenye bango, chini kabisa, dogo. Alilisoma kwa sauti kwa kila aliyepita.

Bi Ishi alianza kwenda kila Jumatano asubuhi, peke yake, na vitonge viwili vya wali kwenye kitambaa. Mlinda mlango alimzoea, akamwekea kiti cha pembeni. Aliingia, akasubiri sehemu yake, akaiona, akatoka akala wali wake kwenye benchi la nje.

"Mama, umeshaiona mara nane," Fumie alimwambia.

"Leo alitembea vizuri zaidi."

"Filamu haibadiliki, mama."

"Wewe unapika damu, hujui mambo ya filamu," Bi Ishi alijibu. "Leo kabla ya kukaa alitazama juu."

Fumie alitaka kubisha, akaacha. Wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda naye, wakaketi bega kwa bega gizani, na yule kijana alipofika hatua ya saba Fumie aliegemea mbele kutazama kama kweli.

Mwezi wa tano filamu iliondolewa Kyoto, ikapelekwa Osaka. Jumatano ile Fumie alipoamka alimkuta mama yake kwenye ngazi ya mlango, kimono cha majivu kimefungwa barabara, vitonge vinne vya wali vimeviringishwa badala ya viwili.

"Treni ya Osaka inaondoka saa ngapi?" aliuliza Bi Ishi. "Na mwambie yule Tsuno wako ajiandae. Namlipia tiketi."